Farasi Halali wa Bi Sikudhani

Nchi ya Sifuni ipo, msiwe na wasiwasi, ila msihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu waliopewa kazi ya kuchora ramani yake walimaliza karatasi yote kwa picha ya Mtukufu Kiongozi. Ni nchi yenye amani. Ina bendera, ina wimbo, ina mlima mmoja na sheria nyingi mno, na katika sheria hizo hakuna iliyopendwa na wakubwa kama Sheria ya Nguvu za Vyombo vya Moto.

Sheria yenyewe ni nyepesi. Inasema kwamba nguvu ya gari, inayohesabiwa kwa farasi, hufuata cheo cha mwenye gari. Kwingineko duniani watu bado wana ushamba wa kupima injini. Sifuni wanampima mtu. Waziri akiapishwa asubuhi, gari lake linapata farasi mia tisa kabla ya chai ya saa nne, hata kama limekaa juu ya matofali. Diwani ana farasi mia tatu. Mwalimu, muuguzi, muuza mitumba na yeyote mwingine asiye na cheo ana farasi arobaini, na ashukuru. Mwenye farasi wachache haruhusiwi kumpita mwenye farasi wengi. Dereva mmoja wa gari la wagonjwa alifungwa kwa kulipita gari la diwani lililokuwa limeegeshwa nje ya baa. Hakimu aliuliza mgonjwa alikuwa na cheo gani. Mgonjwa hakuwa na cheo, na kufikia hapo hakuwa na uhai pia, kwa hiyo kesi haikuchukua muda.

Kutokana na sheria hiyo ikaota desturi moja ya ajabu: magari ya wakubwa hayapelekwi gereji. Kumwambia waziri gari lake linataka oili ni kumwambia amepungukiwa. Fundi aliyethubutu kufunua boneti ya gari la mkuu wa wilaya alishtakiwa kwa kumvua nguo mkubwa hadharani. Basi magari yakafa na tai shingoni. Injini zikakohoa, breki zikaisha, matairi yakawa laini kama viganja vya wenyewe. Yalipogoma kabisa kutembea, serikali haikuyatengeneza. Iliunda Kikosi cha Heshima, wanaume wenye glavu nyeupe waliokimbia nyuma ya kila gari la mkubwa, mikono wameiegemeza kwenye buti. Wageni waliambiwa ni mila. Wageni wakapiga picha.

Katika nchi hiyo aliishi Bi Sikudhani Matimbwa, mshonaji wa majoho ya mahakimu. Alikuwa mjane. Marehemu mumewe, Bwana Ngwali, alikuwa mtu wa kuheshimika, na muda wote wa ndoa yao alimkalisha mkewe kiti cha nyuma cha gari, kwa kuwa kiti cha mbele kilikuwa cha mkoba wake. Alipokufa watu walimlilia sana. Bi Sikudhani naye alilia kwa kadiri ilivyotakiwa. Eda ilipokwisha, alikwenda kwenye mnada wa ubalozi mmoja uliokuwa unafunga virago, akarudi anaendesha gari dogo la spoti, la bluu, la viti viwili.

Dada yake, Somoe, alilizunguka gari lile kwa huzuni.

"Ndugu yangu, si ungenunua gari la maana? Mtu ukimpakia mgonjwa, ukimpakia mgeni, anakaa wapi?"

"Halina kiti cha nyuma," Bi Sikudhani alijibu. "Hicho ndicho nilichokinunua."

Alilipenda gari lile kweli kweli, na hakuona haya kusema. Nyumba ilikuwa ya marehemu, masufuria yalikuwa ya mama wa marehemu, hata bili ya maji ilikuja kwa jina la marehemu. Gari lilikuwa lake, na ndani ya gari lile hapakuwa na nyuma pa kumkalisha; mahali pake palikuwa penye usukani. Tatizo lilikuwa Mlima Kohozi, aliolazimika kuupanda kila asubuhi kwenda kwenye duka lake la ushonaji. Ubalozi ulikuwa umeliacha gari uani muda mrefu, na kila lilipofika kwenye kona ya kwanza lilianza kuhema. Malori ya kabichi yakalipita. Makuli waliokaa juu ya kabichi walimpungia mkono na kumwuliza kama washuke wamsukume. Alitaka jambo moja tu: aupande ule mlima kwa gia ya tatu, mikono yake mwenyewe ikiwa kwenye usukani, asipitwe na kabichi.

Akaenda kwa Fundi Mrope, mwenye gereji nyuma ya kiwanda cha mishumaa na domo lililotangulia kazi zake zote. Fundi alilipiga gari teke la mapenzi kwenye tairi.

"Mama, hili tunalitia turbo. Turbo kubwa. Halafu nakufungia chupa ya gesi hapa chini ya kiti. Ukibonyeza tu, unaonana na marehemu."

"Marehemu tuliagana. Injini itahimili?"

"Itahimili kidogo."

"Kidogo mpaka wapi?"

"Mpaka kama katikati ya mlima."

"Basi anza na breki," Bi Sikudhani alisema.

Fundi Mrope alicheka, kisha akaona mama yule hacheki.

"Umekuja kuongeza mbio au kupunguza?"

"Nataka nijue nitasimamaje kabla sijajua nitakimbiaje. Breki, halafu matairi mapya yanayoshika lami. Halafu chujio la hewa jipya, injini ivute pumzi vizuri. Bomba la ekzosi pana kidogo, lakini kizuia kelele kibaki pale pale. Kompyuta ya injini uipange upya kwa kiasi, usiitie wazimu. Na hayo mabati mazito ya ubalozi yaliyofungwa milangoni yatoe, mimi sipigwi risasi na mtu. Kila kitu kiwe salama na kiwe halali."

Fundi alikunja uso, maana katika orodha yote ile hapakuwa na kitu cha kujisifia barazani. Lakini kazi ni kazi.

"Salama nitakupa. Halali kaitafute wizarani. Mwenzangu mmoja alimwongezea mwalimu farasi bila kibali, sasa hivi anasuka vikapu gerezani."

Wizara ya Mwendo na Heshima ilikuwa na lifti iliyopanda kwa ajili ya mawaziri tu. Wengine walitumia ngazi, na ngazi zilikuwa zimefungwa ili zisichakae. Hatimaye Bi Sikudhani alifikishwa mbele ya Kamishna Mkuu wa Nguvu, Mheshimiwa Daktari Kilonga Mtapuli, mtu mnene wa maneno aliyekuwa na udaktari wa falsafa ya foleni. Alikuwa anakula korosho moja moja, kwa utaratibu.

"Mama, naambiwa unataka kuongeza nguvu kwa njia ya injini."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Njia salama na halali."

"Injini!" Kamishna aliisukuma sahani pembeni kwa uchungu wa kizalendo. "Habari za injini tuliletewa na wakoloni, Mama, ili tusahau heshima yetu. Sisi tumeshatoka huko. Nguvu haitoki chini ya boneti. Nguvu inashuka kutoka juu."

Alinyoosha kidole kwenye dari. Pale palikuwa na picha ya Mtukufu Kiongozi, na doa la maji yaliyovuja kuanzia kwenye paji la uso wake hadi kwenye kidevu.

"Sasa mtu kama mimi afanyeje?"

"Ziko njia. Ya kwanza, olewa. Wewe bado unafaa. Yuko mkuu wa mizani kule barabara kuu, ana farasi mia mbili na meno yake yote. Siku ya ndoa unaingia nao."

"Akija na gari lake, mimi nitakaa wapi?"

"Nyuma, bila shaka."

"Nitajie njia nyingine."

Kamishna alimtazama kwa huruma ya mtu aliyeshiba. Njia nyingine, alisema, ni utumishi. Siku ya Mwendo ilikuwa inakaribia, siku ambayo wenye vyeo wote huupanda Mlima Kohozi kwa magari yao, mwenye farasi wengi mbele, mwenye farasi wachache mkiani. Mwaka huu serikali ilikuwa imeamua gari la Mtukufu livalishwe joho la mahameli.

"Si kwamba lina kutu," alisema haraka.

"Sikusema lina kutu."

"Ulifikiri. Basi ulishonee joho, nasi tutakupa cheo cha Mtiifu wa Taifa, Daraja la Nne, na farasi ishirini juu ya wale arobaini. Hiyo ndiyo njia salama. Iliyo salama zaidi ni kutotaka, lakini naona wewe ni mtu wa kutaka."

Bi Sikudhani alilishona joho. Alipokwenda kuchukua vipimo vya gari la Mtukufu alikatazwa kuligusa, akalipima kwa macho akiwa ng'ambo ya ua. Alitumia mahameli ya zambarau, na kwa kuwa mlango mmoja wa gari ulikuwa umefungwa kwa waya, alitia nakshi za dhahabu palepale. Walifurahi. Walimvisha nishani, wakatangaza farasi wake ishirini redioni baada ya taarifa ya bei ya mahindi. Yeye akaenda moja kwa moja kwa Fundi Mrope na kibali chake, akakaa kwenye kiti cha mbao kuhakikisha hapafungwi chupa yoyote chini ya kitu chochote.

Asubuhi aliyolijaribu, mlima ulikuwa na ukungu mwepesi. Kwenye kona ya kwanza gari halikuhema. Kwenye kona ya pili aliweka gia ya tatu, na gari likapanda kwa mngurumo wa chini, wa adabu, bila moshi, matairi yakishika lami kwa uhakika. Alilipita lori la kabichi. Makuli walimpungia tena, safari hii bila neno. Alipofika juu aliegesha pembeni, akalia peke yake kwa furaha, na hakuna aliyemtaka alie.

Ikaja Siku ya Mwendo. Wenye vyeo wote walipanga foleni mlimani, na Bi Sikudhani, Mtiifu wa Daraja la Nne, alikuwa wa mwisho kabisa. Mbele yake alikuwa diwani, mbele ya diwani wakurugenzi, mbele ya wakurugenzi mawaziri, na mbele ya wote gari la Mtukufu Kiongozi ndani ya joho lake la zambarau. Nyuma ya Bi Sikudhani, chini mlimani, walipangwa watoto wa shule katikati ya barabara, waimbe.

Kikosi cha Heshima kilisukuma. Wanaume wale hawakuwa wamekula, kwa kuwa chakula chao kilikuwa kimeandaliwa kwa ajili ya wageni waje kukiona. Gari la Mtukufu lilipanda mpaka karibu na kilele, na palepale glavu nyeupe zikateleza, wasukumaji wakaruka kando. Likaanza kurudi chini taratibu. Likaligonga gari la waziri wa kwanza, nalo likaanza kurudi. Hakukuwa na breki hata moja katika msafara ule, ila za mtu mmoja.

Kamishna Mtapuli, aliyekuwa anatangaza kwa kipaza sauti pembeni mwa barabara, hakupoteza hata pumzi.

"Ndugu wananchi, Mtukufu ametuchagulia mbele mpya! Anakoelekea Mtukufu ndiko mbele. Makofi, tafadhali."

Wananchi walipiga makofi. Msafara ukaja chini, mkubwa akimgonga mdogo, na kila mmoja ndani ya gari lake alikuwa anapunga mkono. Chini kule watoto waliendelea kuimba, kwa sababu mwalimu wao hakuwa na cheo cha kuwaamuru wapishe msafara wa Mtukufu.

Bi Sikudhani alikuwa na nafasi upande wa kushoto. Angeweza kujitoa, gari lake lisipate hata mkwaruzo, na kwa muda mfupi sana alilitaka hilo kwa moyo wake wote. Halafu akatazama kwenye kioo, akaona wale watoto wa mstari wa mbele wakiwa wamefumba macho kwa kuimba. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, akavuta na breki ya mkono. Buti la diwani likajikita kwenye boneti yake ya bluu. Matairi yalilia, yakateleza kiasi, yakashika. Msafara mzima wa serikali ya Sifuni ukasimama juu ya gari dogo la spoti, na kwaya ikamaliza ubeti.

Wanaume wa Kikosi walikimbia kutia mawe chini ya magurudumu. Mwalimu, alipoona hakuna anayemtazama, aliwasogeza watoto kwenye ukingo wa barabara. Hapo ndipo Kamishna alipofika, anatiririka jasho, bado ameshika kipaza sauti.

"Nani amemzuia Mtukufu kwenda mbele?"

"Alikuwa anarudi nyuma, Mheshimiwa. Kulikuwa na watoto."

"Mtukufu harudi nyuma. Hilo lipo kwenye katiba." Alilitazama gari la bluu, kisha foleni ya magari juu yake. "Gari la farasi sitini limezuia maelfu ya farasi. Mimi naona uhaini. Wewe unaona nini?"

"Breki."

"Nguvu hii uliyoonyesha si ya Daraja la Nne. Ni ya Mtukufu, na wewe umemwibia." Aliinua kipaza sauti ili wote wasikie. "Gari hili litasagwa kesho uwanjani, na shule zote zihudhurie. Mama, toa ufunguo. Panda karandinga la polisi. Ukae nyuma."

Bi Sikudhani hakuogopa, na mwenyewe alishangaa kwamba haogopi. Alikuwa na hasira. Ilikuwa hasira ya zamani, ya mkoba uliokaa mbele miaka yote ile, na sasa ilikuwa imempata mtu wa kumwangukia. Alimtazama Kamishna kuanzia kwenye nishani zake hadi kwenye viatu vyake.

"Kule nyuma nimeshakaa, Mheshimiwa," alisema. "Hapanifai."

Alihakikisha mawe yameshika na watoto wako pembeni. Akalirudisha gari kidogo, boneti ikajinasua kutoka kwenye buti la diwani, akawasha taa ya kulia, na akatoka kwenye foleni.

Alimpita diwani. Aliwapita wakurugenzi mmoja mmoja, akawapita mawaziri, na kila aliyepitwa aliangalia pembeni, maana kuona kosa lile kungekuwa ushahidi dhidi ya farasi wake mwenyewe. Alilipita gari la Mtukufu. Mtukufu Kiongozi alikuwa mzee mdogo aliyejikunyata ndani ya mahameli, kofia imemwangukia machoni, na mkono wake ulikuwa unapunga kwa mazoea. Kwenye kona ya mwisho Bi Sikudhani akaweka gia ya tatu.

Nyuma yake Kamishna aliamuru magari yote yamkimbize. Kwa mujibu wa sheria hapakuwa na gari la mwananchi ambalo lingeweza kuyaacha. Injini moja ilikohoa, nyingine ikatoa moshi, na wanaume wa Kikosi waliombwa wajitahidi. Ng'ambo ya kilele ulikuwa mpaka wa nchi jirani. Mlinzi wa mpaka hakuwepo, alikuwa ameitwa kupiga makofi.

Bi Sikudhani alikuwa anateremka upande wa pili, kwa mwendo wa wastani, alipofungulia redio ya Sifuni. Ilikuwa taarifa maalumu. Mhaini amekamatwa, mtangazaji alisema. Mheshimiwa Daktari Mtapuli, kwa gari lake lenye farasi mia tisa, amempita kwa urahisi mkubwa kabla hajafika kwenye kona, amemfikisha mahakamani, na mahakama imemfunga maisha. Wananchi waendelee na shughuli zao.

Bi Sikudhani alicheka mpaka ikabidi asimame kando ya barabara. Halafu kicheko kikakatika. Aliyefungwa maisha haonekani barabarani, hapigi hodi kwa dada yake, hazikwi kwao. Wasingemtafuta kamwe, kwa sababu kumtafuta kungekuwa kukiri kwamba farasi mia tisa wameachwa na sitini. Wala asingerudi kamwe. Alifuta macho, akaangalia kioo, akaondoka.

Anaendesha mpaka leo katika nchi ile ya jirani, anashonea watu sare za shule na kupeleka mizigo ya vitambaa mwenyewe. Alimpigia Somoe simu mapema sana, wakalia pamoja, kisha wakacheka. Lakini wiki ileile polisi walifika nyumbani kwa Somoe, wakamweleza kwa upole kwamba mfungwa asiyeletewa chakula na ndugu zake huzusha maswali mitaani, na Somoe ana watoto wa kuwafikiria.

Kwa hiyo kila Jumapili Somoe hupika, hufunga vyombo kwenye kitambaa na kuvipeleka hadi kwenye lango la gereza. Mkuu wa gereza huvipokea mwenyewe, huingia navyo ndani, na baada ya muda hurudi navyo vitupu, vimeoshwa.

"Dada yako anakushukuru sana," humwambia. "Anasema Jumapili ijayo uzidishe nyama."